Muulize Fundi: Tairi inayoshika, inayokimbia na isiyoisha haraka ni ipi?

Wiki hii inbox imejaa tairi. Nimechagua barua nne, zingine zinafanana sana kwahiyo kama yako hujaiona soma tu humu utajikuta.

SWALI: Mambo vipi fundi. Nina mauntenbaiki ya ringi 29, tairi zilizokuja nayo zishakuwa kipara nataka nibadilishe zote kwa mpigo. Njia zangu ni za porini mchanganyiko, udongo mgumu, changarawe, mizizi, mvua ikinyesha tope. Nataka tairi inayoshika vizuri, iwe nyepesi ikimbie, na idumu. Kila ninayemuuliza ananitajia ya kwake. Nichukue ipi? (Kipara Mbili)

JIBU: Poa Kipara Mbili. Ngoja nikukatishe tamaa mapema ili tuongee vizuri, hiyo tairi haipo. Na sio kwamba watengenezaji wanatuficha, ni mpira wenyewe ndo ulivyo. Mpira laini unashika kwasababu unajikunja na kuingia kwenye vikwaruzo vya jiwe, lakini kule kujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka kunakula nguvu zako, na mpira huohuo laini unalika haraka. Ukiufanya mgumu unakimbia na unadumu ila kwenye mzizi uliolowa unateleza kama umepakwa mafuta. Ukiongeza ganda liwe nene lisipasuke, unaongeza uzito. Yaani hivi vitu vitatu kila kimoja kinamuibia mwenzake.

Sasa ujanja uko wapi. Ujanja ni kwamba una tairi mbili, na hakuna sheria inayosema zifanane. Watu wengi wananunua pea kwasababu zinapendeza zikifanana, mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, nikaweka tairi laini kabisa mbele na nyuma, wiki ya kwanza raha mustarehe, miezi miwili baadae kashata (yale meno ya tairi) za katikati nyuma zimelika mpaka nikawa naona aibu kupaki baiskeli mbele za watu, na kwenye kupanda mlima nilikuwa nahisi kama kuna mtu kanishika siti kwa nyuma.

Tairi ya mbele ndo inaamua unaelekea wapi. Ikikata tamaa kwenye kona hupati muda wa kufikiria, unashtukia uko chini na bega linauma. Ya nyuma ikiteleza unaisikia, unairekebisha kwa kiuno, mara nyingi unacheka tu na kuendelea. Halafu nyuma ndo kuna uzito mkubwa wa mwili wako na ndo inapokea nguvu ya pedeli, kwahiyo ndo inayolika haraka na ndo inayokuchelewesha zaidi ikiwa nzito kuzunguka. Bas gawanya kazi. Mbele weka mpira laini, kashata ndefu zenye nafasi kati yake ili tope litoke lisigande, na kashata za pembeni ziwe zimesimama imara. Nyuma weka mpira mgumu kidogo, kashata za katikati ziwe fupi na zimekaribiana, upande wa mbele wa kila kashata uwe umekatwa mteremko ili zizunguke bila kukwama, ila za pembeni zisiwe za kizembe maana kona bado zipo.

Kwa majina ya kampuni na tairi zao, ukiwa na Maxxis watu wengi wanaweka Assegai au Minion DHF mbele, nyuma wanaweka kitu cha kukimbia zaidi kama Dissector au Rekon. Kwa Schwalbe, Magic Mary mbele na Nobby Nic nyuma ni ndoa ya siku nyingi. Kama wewe ni wa mbio za krosikantri na unataka wepesi, Vittoria Barzo mbele na Mezcal nyuma. Hiyo Assegai btw imebuniwa pamoja na Greg Minnaar wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa daunihili (mbio za kushuka mlima) mara kadhaa, na jina lenyewe maana yake mkuki. Ni mkuki kweli, ila ukiiweka nyuma kwa mtu anayepanda milima mirefu utaichukia.

Kitu ambacho watu wanakisahau, jina la tairi peke yake halikwambii kitu. Minion ileile inatoka kwa mpira tofauti na ganda tofauti, unaweza kununua mbili zenye sura moja zikawa na tabia mbalimbali kabisa. Soma maandishi madogo pembeni. Maxxis wanaita MaxxGrip ile laini kupita zote, MaxxTerra ya kati, MaxxSpeed ya kukimbia. Schwalbe kwenye mpira wao wa Addix walitumia mistari ya rangi, zambarau ndo laini kabisa, ya chungwa inafuata, halafu bluu, nyekundu ndo ya spidi. Wengine wanaandika namba ya ugumu wa mpira, 42 ni laini sana, 50 kati, 60 kwenda juu ngumu. Na kama hamna maandishi yoyote, chukua tairi mbili, bonyeza kashata ya pembeni kwa ukucha wa dole gumba. Laini ukucha unazama na ile alama inachukua muda kurudi, ngumu inarudi hapohapo. Sio maabara hiyo lakini haijawahi kuniangusha.

Upana chukua inchi 2.3 mpaka 2.5, kwa njia ulizotaja hapo hamna sababu ya kuhangaika.

Ila kabla hujatoa hela yoyote naomba ufanye kitu kimoja, pima upepo. Nasema hivi kwasababu nusu ya watu wanaoniambia tairi zao hazishiki, nikibonyeza kwa kidole nakuta zimejazwa kama mpira wa kikapu. Ile namba kubwa iliyoandikwa pembeni ya tairi ni mwisho wa uvumilivu wake, sio ushauri. Mtu wa kilo 75 hivi mwenye tairi ya 2.4 bila tyubu anaweza kuanzia psi 22 (psi ni kipimo cha upepo) mbele na 25 nyuma, akiwa na tyubu aongeze kama 3 mpaka 5. Halafu toa psi moja moja kila safari mpaka siku utakaposikia ringi imegonga jiwe, "ko!", hapo rudisha mbili na uandike mahali. Na usidhani upepo mdogo unakuchelewesha, hiyo ni kweli kwenye lami, ila porini tairi ngumu inakurusha juu ya kila kokoto na kila ukirushwa juu ni nguvu yako hiyo imepotea, tairi laini inalimeza kokoto unapita. Tumia pampu ileile kila siku, maana geji za pampu mbili hazikubaliani hata siku moja.

SWALI: Shikamoo fundi. Napata pancha ya nyuma karibu kila wikendi. Nikitoa tyubu nakuta matundu mawili madogo yamekaa sambamba. Rafiki yangu anasema nihamie tyublesi (tairi isiyo na tyubu ndani), mwingine anasema ninunue tairi nene ya daunihili yaishe. Mimi naogopa uzito na naogopa kuharibu. (Mama Viraka)

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hayo matundu mawili yamekusaidia maana yamesema yenyewe kisa chao. Mwiba unatoboa tundu moja. Mawili sambamba ni tyubu imebanwa kati ya jiwe na kingo mbili za ringi, yaani tairi ilijikunja mpaka mwisho. Kwahiyo leo hii bila kununua chochote ongeza psi 3 au 4 nyuma uone. Na jifunze kuinuka kwenye siti ukiona jiwe, wengi tunakaa kama tuko kwenye kochi.

Tairi ya daunihili kwako ni kuua mbu kwa nyundo. Ngoja nieleze kidogo hayo maganda. Tairi ina nyuzi ndani, na ile TPI inayoandikwa ni idadi ya nyuzi kwenye inchi moja. 120 ni nyuzi nyembamba nyingi, tairi inakuwa nyepesi na inanyumbulika vizuri, 60 ni nyuzi nene chache, inastahimili zaidi kukatwa. Halafu kuna kinga ya pembeni na idadi ya tabaka. Kwa Maxxis ngazi zinaenda EXO, EXO+, DoubleDown, halafu DH. Tairi ya 29 kwa 2.4 ya EXO inacheza kwenye gramu mia tisa na kitu mpaka kilo moja, ya DH inavuka kilo 1.2 na ushee, na huo uzito uko ukingoni mwa gurudumu ambako unausikia kila ukianza kukanyaga. Nyuma weka ngazi moja juu ya ile ya mbele, EXO mbele na EXO+ nyuma kwa mfano, imetosha.

Na ndio, nenda tyublesi, hapo namuunga mkono rafiki yako. Tyubu ikiondoka hamna cha kubanwa, na miiba midogo inazibwa na ile dawa ya utomvu ndani hata hujui kama umechomwa. Unahitaji ringi na tairi zinazokubali tyublesi, utepe wa ringi uliobandikwa bila mkunjo hata mmoja (hapa ndo watu wanafeli, futa ringi kwa spiriti kwanza, vuta utepe kwa nguvu), valvu yake na dawa kama mililita 100 kwa ringi 29. Paka maji ya sabuni ukingoni, jaza upepo kwa kasi, utasikia "pa! pa!" tairi ikikaa mahali pake. Usiruke, ni kawaida. Zungusha zungusha, laza gurudumu upande huu dakika kadhaa na upande ule, vimapovu vidogo vitatoka pembeni halafu vitanyamaza.

Dawa inakauka, kila miezi miwili mpaka sita kutegemea joto. Toa gurudumu, litikise karibu na sikio, kama husikii maji yakicheza ndani ongeza. Na tyubu moja ya akiba usiache nyumbani, kuna siku tairi inachanika kuliko dawa inavyoweza, halafu kabla hujaiweka hiyo tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole maana miiba yote uliyookota miezi yote hiyo bado imo humo. Mimi nilipitisha kidole. Usipitishe kidole.

SWALI: Fundi vipi, tairi yangu ya nyuma imeisha katikati ila pembeni bado iko safi. Ya mbele bado nzuri. Nina hela ya tairi moja tu. Nihamishe ya nyuma iende mbele halafu mpya niweke nyuma inakoisha haraka? (Bajeti Nyembamba)

JIBU: Hapana kaka, geuza. Mpya inaenda mbele, iliyokuwa mbele inarudi nyuma, iliyokuwa nyuma inastaafu. Ukiweka iliyochoka mbele umeokoa hela ya tairi ukaenda kuitumia hospitali.

Na hiyo ya nyuma unayosema pembeni iko safi iangalie tena mchana kwenye mwanga. Kunja kashata za pembeni kwa kidole uone shina lake, mara nyingi zina nyufa pale chini hata kama juu zinang'aa, na kashata yenye ufa inalala kwenye kona. Ukiona uzi wowote unachungulia, au kama una tyublesi ukaona ganda linatoa jasho la dawa, hiyo hata nyuma haifai tena.

SWALI: Habari fundi. Siku tano naenda kazini kwa lami, siku moja porini. Fremu ilikuja na 2.25, naweza kuweka 2.6 nione raha? Na jirani ananipa tairi zake za 27.5 bure, ringi zangu ni 29, zitavutika? (Lami Tano)

JIBU: Za bure haziingii hata uzivute na farasi. Ringi 29 inabeba tairi ya milimita 622 kwa ndani, 27.5 ni 584, ile ya zamani ya 26 ni 559. Mshukuru jirani umrudishie.

2.6 inategemea. Angalia nafasi kati ya tairi na fremu, nyuma pale karibu na pedeli ndo pabaya, ibaki angalau milimita 6 kila upande maana tope nalo linataka kupita. Pima na ringi kwa ndani, 2.6 inakaa vizuri kwenye milimita 30 mpaka 35, ukiiweka kwenye ringi nyembamba inakuwa kama puto limekaa juu ya kijiti, kona inayumba. Ila kwa lami siku tano mbona unajitesa? Chukua 2.25 mpaka 2.35, kashata fupi zilizobanana katikati, mpira mgumu, zote mbili. Kashata ndefu laini kwenye lami inalika kama sabuni na inavuma njia nzima, wenzio watakusikia kabla hawajakuona. Siku za kazini jaza upepo kidogo zaidi, Jumamosi asubuhi utoe. Na ukizifunga angalia mshale pembeni, tairi zingine zina mshale mmoja wa kufunga mbele na mwingine wa kufunga nyuma, na huo wa nyuma umegeuka, kwahiyo soma kabla ya kujaza upepo, sio baada kama mimi juzi.