Ukitaka kuitafiti malaria, usibaki katikati

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye utafiti wa malaria huanza na mashine. PCR, ile mbinu ya kunakili DNA ili isomeke, watajifunzia wapi? Mashine ya kusoma vinasaba iko chuo gani? Uzamili wa Uingereza si bora kuliko wa Muhimbili? Siwalaumu. Ila mimi nimeishi na kazi hii tangu nilipokuwa kijana wa maabara huku Tanga, na sijaona mtu aliyejengwa na mashine. Damu huanzia kwa mtoto aliyepakatwa na mama yake, huishia kwenye jedwali la kompyuta. Katikati kuna friza, pipeti na foleni ya sampuli. Wengi wetu huajiriwa kwa ajili ya hapo katikati, na wengine hustaafia hapo hapo, miaka nenda miaka rudi wakitenga DNA kwa ajili ya maswali ya watu wengine. Mdogo wangu, shika ncha zote mbili.

Ncha ya kwanza ni kijijini na wodini. Chukua suala la kinga. Mtu aliyekulia Lushoto juu, kwenye baridi, akiteremka Muheza msimu wa machungwa, mbu wakamuuma, baada ya wiki mbili hivi anaweza kulazwa. Mwenyeji wake ukimpima siku hiyohiyo unaweza kumkuta na vimelea kwenye damu, naye yuko shambani anachuma, hana hata kichwa kinachouma. Ukiliona hilo kwa macho yako, swali linakuja lenyewe: huyu ana nini ambacho mgeni wake hana?

Sehemu ya jibu ilipatikana Gambia mwaka 1961. Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na vimelea, kutoka kwenye damu ya watu wazima waliozoea malaria, wakawapa watoto wagonjwa, na vimelea vya watoto wale vikapungua. Kazi ya kujua ni kingamwili zipi hasa inaendelea mpaka leo. Faith Osier, Mkenya, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 2008, kwa damu za watoto wa Kilifi, kwamba wenye kingamwili dhidi ya shabaha nyingi za kimelea kwa wakati mmoja ndio walioepuka kuugua zaidi. Shabaha moja haitoshi, kwa sababu kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ni kama mwizi mwenye sanduku la nguo: ana jeni (vinasaba) 60 hivi ziitwazo var, na kila ukimzoea kwa sura hii anakuja na nyingine. Ndiyo maana mtoto huugua mara kwa mara kwa miaka kabla mwili wake haujaanza kumudu.

Utafiti wa vinasaba nao ulianza kwa kutembea. Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alizunguka Kenya mwaka 1949 akikusanya damu, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Alikuta kinasaba cha selimundu kimejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano akiwa nacho kwenye baadhi ya jamii, huku kwenye nyanda za juu kikiwa karibu hakipo. Pwani na ziwani ndiko kwenye mbu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hulindwa dhidi ya malaria. Leo tunajua ulinzi huo dhidi ya malaria kali ni takriban asilimia 90. Hakuwa na mashine ya kusoma kinasaba hata kimoja.

Sasa suala la kuomba damu. Hapa ndipo wasomi wengi huanguka, hasa waliotoka ng'ambo wakiwa na fomu ya kurasa nyingi. Umekaa kwenye mkeka barazani, mama anakusikiliza, baba amesimama mlangoni. Anauliza: "Damu ya mwanangu inakwenda wapi, na mbona mnarudi kila mara?" Pwani hii habari za mumiani hazijafa, na usizicheke. Usimjibu kwamba itasaidia utafiti, hilo si jibu. Toa kichupa mfukoni mwonyeshe kilivyo kidogo. Mwambie kitakaa friza gani, mji gani, kwa muda gani, na kama kipande chake kitapanda ndege sema kitapanda ndege. Kisha urudi na matokeo, hata kama hakuna aliyekulipa nauli ya kurudi.

Kuna jingine ambalo vitabu vya maabara havilisemi kwa uwazi. Ukipima himoglobini za familia nzima, yaani protini nyekundu ya damu ambayo aina yake hurithiwa, ipo siku jedwali litakataa kukubaliana na baba. Mtoto ana kinasaba ambacho si mama wala huyo bwana anaweza kuwa amempa. Hilo liamuliwe kabla ya sindano ya kwanza: nini kitasemwa, kwa nani, na nini kitabaki kwenye kabati lililofungwa. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu wazazi lazima waambiwe na apelekwe kliniki. Mengine si ya kwako kuyatangaza, wala kumnong'oneza dereva wa mradi.

Ncha ya pili ni kompyuta, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Nimeshiriki mradi mmoja ambao sisi tulipanda milima, tukakusanya, tukapanga, tukafungasha kwenye barafu kavu. Kilichorudi ni michoro iliyokwishakamilika, majina yetu yakiwa katikati ya orodha ndefu. Hakuna aliyetuibia. Hatukuwa na mtu wa kuchambua, basi. Sampuli haitoki Tanzania bila mkataba unaopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa hiyo ndani ya mkataba huo mna mahali pa kuandika nani atachambua nini na kijana gani atafundishwa. Watu huutia saini kama risiti ya posho.

Linganisha na habari ya Dantu, kundi la damu ambalo ni nadra kwingineko lakini si haba Kilifi. Mwaka 2020 Silvia Kariuki, mtafiti wa Kilifi, akiwa mwandishi wa kwanza, alionyesha pamoja na wenzake wa Uingereza kwamba utando wa chembe nyekundu za watu hao umekaza kiasi kwamba kimelea hushindwa kupenya. Damu ya Kilifi, na mtu wa Kilifi akiongoza makala.

Uhitaji upo mlangoni kwetu. Mabadiliko yaitwayo R561H kwenye jeni ya kimelea iitwayo kelch13, yanayoipunguzia makali artemisinini iliyomo kwenye dawa ya mseto, yaliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na yameonekana Kagera pia. Kuyafuatilia kunahitaji tone la damu kwenye karatasi ya chujio, halafu mtu anayejua kusoma kitakachotoka.

Kuhusu maisha, nitapita haraka. Ndugu watakuita daktari na kukuomba dawa ya mgongo, zoea. Mshahara ni wa mradi, mradi ukiisha nao unaisha, kwa hiyo usichukue mkopo wa miaka mitano kwa mkataba wa miaka miwili. Msimamizi mchague kwa kuwauliza wanafunzi wake wa zamani wako wapi leo, usitazame idadi ya makala zake.

Kama unataka kuanza wiki hii, huhitaji barua ya kudahiliwa. Mtandao wa watafiti uitwao MalariaGEN umeweka wazi data za vinasaba ziitwazo Pf7, sampuli zaidi ya 20,000 za kimelea kutoka nchi 33, na kuzipakua ni bure. Jifunze R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia data, kwa kuzitumia hizo. Chukua faili la alama za usugu wa dawa, tafuta jeni ya crt, nafasi ya 76. Herufi K ni kimelea kinachokufa kwa klorokwini, T ni sugu. Hesabu Tanzania, hesabu Kenya, kisha Kambodia. Kambodia utakuta karibu wote ni T. Huku kwetu K imerudi kwa wingi, kwa kuwa Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001. Ukipata hivyo, hesabu zako ziko sawa. Ukipata kinyume, angalia kwanza kama umeziondoa sampuli zisizo na jibu. Halafu nenda kelch13, na ukikutana na jambo usilolielewa, mwandikie mtafiti, umtumie na mchoro wako.