Kamera ielekee meza: kwa walimu wapya wa roboti mtandaoni

Wadogo zangu, huwa naingia kimyakimya kwenye madarasa yenu ya Jumamosi. Mkiliona jina langu pale chini mnajikaza, mnaanza kutoa Kifaransa cha profesa. Mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye miaka tisa hana haja nacho, lakini hilo si ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Ni kuwaona mkiyarudia makosa yetu ya zamani, moja baada ya jingine, kama vile tuliwaachia urithi.

1. Saa. Kinshasa wako saa moja nyuma yetu. Ukiandika "saa kumi" kwenye kikundi cha wazazi, mmoja ataleta mtoto asubuhi, mwingine jioni, na wa Kinshasa ataingia mkiwa mnaagana. Andika 16h00 ya Lubumbashi, 15h00 ya Kinshasa, basi.

2. Umeme utakatika. Kila mara mnashangaa, sijui kwa nini. Picha za somo na video fupi zitumwe WhatsApp siku moja kabla, ili umeme ukienda mtoto abaki na kitu mkononi. Tovuti ya Tinkercad ni nzuri kwa kujaribu saketi bila kuunguza kitu, lakini inaishi kwenye intaneti. Mega za intaneti zikiisha na yenyewe imekwisha. Scratch, ile ya kupanga programu kwa vipande vya rangi, na programu ya Arduino, ile bodi ndogo inayoendesha roboti, zinawekwa kwenye kompyuta moja kwa moja, zinafanya kazi bila mtandao. Na ulizeni mapema simu ni ya nani. Kama ni ya baba, baba akitoka, mwanafunzi wenu ametoka.

3. Kila mtoto atume picha ya bodi yake na waya wake wa USB kabla ya somo la kwanza. Bodi nyingi za bei nafuu hapa mjini si Arduino zenyewe, ni za kuigiza, zina chipu ya CH340 ya kuzungumza na kompyuta, na kompyuta nyingine haiitambui mpaka uweke draiva yake, yaani programu ndogo ya kuitambulisha. Waya nao: kuna waya za simu zinazopitisha umeme tu, data hazipitishi. Taa ya bodi inawaka, kila mtu anafurahi, programu haiingii. Nimemwona mmoja wenu, simtaji, akimfanya mtoto asakinishe upya kila kitu jioni nzima. Dada wa yule mtoto alipopita na waya wa simu yake mwenyewe, kazi ikaisha palepale.

4. Hapa vuteni viti.

Lilikuwa darasa la kigari cha magurudumu mawili, siku ya kuunga betri. Nilikuwa nimewaambia watoto wazime kamera ili mega zifike mwisho wa somo, na nilijiona nina busara. Tulitumia betri za 18650, zile za lithiamu za kuchaji, mbili kwa mfululizo, volti 7.4, kwa sababu watoto walilalamika kigari kinatambaa, na zile mota za manjano hukimbia vizuri zikipewa nguvu hiyo. Nikasema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi: "Waya mwekundu uweke kwenye mstari, mweusi uweke pembeni yake."

Kichwani mwangu "pembeni" ilikuwa ile njia ya bluu ya ukingoni mwa bredibodi, ule ubao wa mashimo wa kuungia waya. Mtoto mmoja wa Kampemba akafanya nilichosema, neno kwa neno: mwekundu shimo a, mweusi pembeni yake, shimo b, mstari uleule. Mnajua mashimo matano ya mstari mmoja yameungana chini kwa chini. Shoti kamili, kwa betri ambazo hazina huruma.

Akafungua maikrofoni: "Mwalimu, kuna moto!"

Mtandao ulikuwa unakatakata. Mimi nikasikia kuna mota. Nikamjibu, "Vizuri sana! Iache izunguke."

Sauti iliyofuata ilikuwa ya mama yake. Kisanduku cha betri kilikuwa kimeyeyuka na kugandana na kitambaa cha plastiki cha meza, na mtoto alikuwa ameungua ncha za vidole akijaribu kuuchomoa waya. Mama akashika simu: "Mwalimu, nimelipa mtoto ajifunze roboti, au ajifunze kuchoma nyumba?"

Na mpaka hapo kosa lenyewe sijalitaja. Shoti inampata yeyote. Ila watoto wote wakisikiliza, mama akisubiri neno moja tu la pole, mimi nilisema: "Lakini nilisema pembeni!" Nilimtupia mtoto wa darasa la tano mzigo wangu. Hakuacha kozi. Aliendelea kuja, jina lake linaonekana, maikrofoni imefungwa, mpaka tukamaliza. Baadaye nilimwomba msamaha mama yake akiwepo, akanijibu "hakuna shida, mwalimu" kwa ile sauti ambayo watoto wetu wamefundishwa kumjibia mkubwa. Kigari chake sijui kama kiliwahi kutembea. Hakusema, na mimi niliona aibu kuuliza.

Kwa hiyo nikiwasikia mkisema "pale juu", "ule wa kijani", "kando yake", nywele zinanisimama. Tajeni shimo kwa namba ya mstari na herufi yake: 12a, 15f, na mtoto alirudie kwa mdomo wake. Msiamini rangi, waya za vifurushi vya bei nafuu zimepakwa rangi ovyo. Kamera ielekee meza. Uso wa mtoto hauna waya. Mega zikiwa chache, picha moja ya saketi inatosha, lakini ifike na muitazame kabla betri haijaungwa. Betri huungwa mwisho. Na 18650 zisiingie nyumbani kwa watu: AA nne kwenye kisanduku chenye swichi, kigari kitambae.

5. Acheni kuwapokonya watoto matatizo yao. Kigari kikizunguka palepale kama mlevi wa Kamalondo, ninyi mnawahi: "Geuza waya za mota ya kushoto!" Jibu ni sahihi, na mtoto hakupata kitu. Msichana mmoja nilimwacha ahangaike. Akaweka kigari juu ya kopo la maziwa, magurudumu yakabaki hewani, akabandika kipande cha plasta kwenye kila gurudumu ili aone linaelekea wapi. Akatazama, akanyamaza, kisha akasema, "Mota zinatazamana, mwalimu. Hii moja inarudi nyuma." Kwa kweli zimefungwa kama mtu na kioo chake, lazima moja igeuzwe waya. Nani wenu angemfundisha ile plasta?

6. Wazazi wanaonong'ona majibu. Wapeni kazi: washike tochi wakati wa shida ya umeme.

7. Mnapenda kuwaonyesha video za roboti za Marekani zinazopiga sarakasi. Mtoto anacheka, anafunga simu, anajua ile si ya kwao. Anzeni na za Kinshasa: mwaka 2013 mji ule uliwekewa roboti za kuongoza magari barabarani, kazi ya mhandisi wetu Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Mwili wa alumini, umeme wa jua, mikono yenye taa inayogeuka kusimamisha magari. Halafu waambieni wachomoe waya mmoja na watazame ndani yake: shaba. Hiyohiyo inayopita mjini kwetu kila siku kwenye malori, hiyohiyo iliyosukwa ndani ya mota. Kuna mtoto alitaka kumenya waya zake zote kuhakikisha, kwa hiyo semeni mmoja tu.

Roboti ya barabarani inatengenezeka kwa katoni, sevo moja ya mkono (mota inayogeuka mpaka pembe unayoiambia), na taa mbili, nyekundu na kijani, kila moja na rezista yake ya ohm 220 ya kupunguza umeme. Wiki ya kwanza huwa wanagombana nani awe polisi na nani awe dereva. Waacheni, ndipo wanapojifunza kwamba taa nyekundu lazima itangulie mkono, na hiyo tayari ni programu.

Ila mkono ukianza kutetemeka na bodi ikajizima na kujiwasha, msimwambie mtoto aandike upya programu nzima, kama nilivyosikia Jumamosi iliyopita. Programu haina kosa. Sevo inavuta umeme mwingi kuliko bodi inavyoweza kuipa kupitia USB. Ipeni betri zake yenyewe, zile AA nne, GND ya betri, yaani upande wake hasi, iungwe na GND ya bodi. Hii GND ndiyo mnayoisahau ninyi wote.