Kabla hujatupa boksi la filta: koni ya hewa kwenye RAV4 hapa Goma

Ndugu mmoja wa mtaa wa Himbi ametuandikia wiki hii. Amenunua filta ya koni, ile ya hewa inayokaa wazi bila boksi, akaifunga mwenyewe uani kwenye RAV4 yenye injini ya 1AZ, na siku ya tatu taa ya injini ikawaka. Mashine ya kusoma makosa ikaonyesha P0171. Anauliza kama ameuziwa koni mbovu. Hapana, koni ni nzima. Tatizo liko kwenye bomba alilolifungia.

P0171 maana yake hewa imezidi petroli. Debimetri, ile sensa inayopima hewa inayoingia, ina waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inakadiria kiasi cha hewa kutokana na umeme unaotumika kuurudishia joto. Lakini hesabu hiyo imewekwa kwa upana wa bomba la kiwandani tu. Ukitoa bomba la milimita 70 ukaweka la 76, nafasi ya kupitia imeongezeka kwa asilimia 18 hivi. Hewa ile ile inapita polepole zaidi, debimetri inaripoti pungufu, na injekta zinamwaga petroli pungufu. Kompyuta inajaribu kufidia hadi mwisho wa uwezo wake, halafu inawasha taa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kalipa, kile kipimo cha upana kwa milimita, koni baadaye. Pima upana wa ndani pale debimetri inapokaa, na utafute bomba la upana huo huo. Usitumie futi ya fundi cherehani: kosa la milimita 2 kwenye bomba la 70 tayari ni karibu asilimia 6.

Kazi yenyewe inamalizika kwa saa moja na nusu. Injini iwe baridi. Toa waya wa hasi kwenye betri. Chomoa soketi ya debimetri kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Fungua skrubu zake mbili, itoe, uiweke kwenye mfuko safi. Ule waya wa ndani usiguswe hata na pamba. Legeza kolie, yaani pete ya chuma inayobana bomba kubwa, kisha fungua bolti za boksi, nyingi ni za spana namba 10. Ukishalitoa, ziba mdomo wa bomba la injini mara moja kwa kitambaa safi kikubwa, sehemu yake ining'inie nje uione. Kitambaa kidogo kinasahaulika ndani.

Unaporudisha, mshale ulio kwenye debimetri uelekee injini. Sehemu ya bomba iliyo mbele yake iwe imenyooka; kona iliyo karibu inavuruga hewa na ralanti, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inaanza kupanda na kushuka. Halafu kuna kale kampira kanakotoka kwenye kava ya injini, kakipumua mvuke wa oili. Kwenye magari mengi kanaingia kwenye bomba la hewa baada ya filta. Wengi wakiweka bomba jipya wanakaacha wazi kwa sababu halina tundu lake. Hapo injini inanyonya vumbi bila kuchujwa, na hewa hiyo debimetri haijaihesabu. Bomba lisilo na tundu hilo usilinunue.

Sasa vumbi lenyewe. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Barabara nyingi za mitaani ni lava iliyosagwa na matairi, na vumbi lake lina chembe ngumu zenye kingo kali. Zikifika kwenye silinda zinasugua ringi za pistoni kama msasa, na baada ya muda gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Koni iliyo wazi karibu na injini inameza vumbi hilo, tena inavuta hewa ya moto. Ukiishusha chini nyuma ya bampa ipate ubaridi, siku ya mvua kubwa itavuta maji, na maji hayabanwi: kinachopinda ni fimbo ya pistoni.

Na tusidanganyane kuhusu nguvu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Gari lililoshushwa melini Mombasa likifika hapa linapumua hewa yenye msukumo pungufu kwa asilimia 15 hivi, na hakuna filta inayoirudisha. Unachopata ni mlio. Ukitaka filta ya kuosha, chukua ile bapa ya pamba inayoingia ndani ya boksi la kiwandani. Bomba na debimetri vinabaki vilivyo. Kwa kijana anayetaka gari lifike mbali, huo ndio ushauri wetu, hata kama marafiki hawatasikia chochote ukipita.

Filta ya pamba ina mafuta yake maalumu. Usitumie oili ya injini. Ioshe kwa maji yasiyo na presha, kutoka ndani kwenda nje, ikaukie kivulini bila kompresa, halafu paka mafuta kidogo na usubiri dakika 20. Palipobaki peupe, ongeza tone. Ikichuruzika umezidisha, na mafuta hayo yataruka yakagande kwenye waya wa debimetri.

Mwisho, kagua kama vumbi linapenya. Paka grisi nyembamba sana kwa kidole ndani ya bomba, upande wa injini, baada ya filta na debimetri. Endesha siku tatu kwenye barabara za vumbi, kisha fungua na ufute kwa kitambaa cheupe. Grisi ikitoka laini, kazi imekubali. Ukiisugua kati ya vidole ukasikia inakwaruza, rudi kwenye kolie ya upande wa filta: mara nyingi imekaa juu ya ukingo wa bomba badala ya kukaa nyuma yake.