Muvi uliyoiona ya kawaida, irudie ila safari hii achana na staringi

Silver Linings Playbook nimeiona mara ya kwanza nikiwa chuo. Nilipeleka flashi kwa jamaa wa muvi pale Sinza nikamwambia niwekee ya mapenzi ya kuchekesha, tukaiangalia watu wanne kwenye laptop moja imekaa juu ya ndoo. Aisee tulicheka. Jamaa (Bradley Cooper) katoka hospitali ya magonjwa ya akili Baltimore, kakaa miezi nane, sasa karudi kwa wazazi wake Philadelphia, anakimbia mtaani kavaa mfuko wa takataka, saa kumi usiku anatupa kitabu dirishani na kuamsha wazazi eti kimeisha vibaya. Sisi kila dakika "huyu wa Mirembe huyu". Zikija sehemu za maongezi napeleka mbele, shida yangu nijue demu anampata au hampati. Ikaisha, nikasema ya kawaida tu, nikaifuta.

Mwaka jana binamu yangu alikuja kukaa kwetu Tabata akitokea hospitali kama hiyo hiyo, na tangu hapo utani wa Mirembe umenitoka kabisa. Jumapili moja yeye kalala, mimi na mama tuko sebuleni, nikaitafuta tena ile muvi. Ilikuwa kama sijawahi kuiona.

Kuna sini wako mgahawani usiku wa Halloween, jamaa kaagiza bakuli la nafaka za asubuhi, yule demu (Jennifer Lawrence) kaagiza chai. Mwanzo niliiruka hii! Kumbe jamaa kaagiza vile makusudi isionekane ni deti, na dada anamwambia mimi nimeagiza chai kwa sababu wewe umeagiza hiyo. Ukishajua mwisho wao unaona kabisa anavyomeza maneno pale, kicheko kinakukwama.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, ukirudia muvi za namna hii usimwangalie staringi, yule ushamjua anaishia wapi, wewe mwangalie anayeongea kidogo. Humu ni mama yake jamaa. Muda wote yuko na vitafunwa vyake, mechi ikianza huyo na sahani, na baba mtu (Robert De Niro) anashika leso na kupanga rimoti ili Eagles washinde, yaani mzee wa Yanga kabisa yule anayegoma kuhama kiti timu ikiwa inaongoza. Unacheka na baba, mama unamsahau. Halafu mbele huko inatajwa fasta tu kwamba yeye ndo alimwambia yule dada kijana wake anakimbilia njia ipi. Mara ya kwanza ilinipita kama daladala iliyojaa. Mara ya pili, kila dada akichomoka kona anamkimbiza jamaa, unajua nani kamtuma. Tuzo za Oscar za mwaka ule aliteuliwa huyo mama pia, Jacki Weaver, ingawa aliyebeba ni Lawrence peke yake.

Pia acha ipite miaka, ukirudia wiki ijayo unakuwa unakariri tu. Na angalia na mtu mzima. Mwishoni jamaa na yule dada wanacheza dansi ya mashindano, wanapata 5 kati ya 10, ndo waliyokuwa wanaitaka tu, wanashangilia kama wamechukua kombe, chuo tulicheka kwa sababu wengine ukumbini hawaelewi wanashangilia nini, ila mama yangu alipiga makofi kweli kweli. (Siyo kila muvi inastahili lakini, kuna moja niliipenda sana sekondari nimeirudia nikaona aibu, naomba msiniulize jina.)

Ilipoisha mama akasema "yule mama mjanja, kasuka mchongo wote na sahani mkononi." Akanyanyuka akamwamsha binamu, akampa mia mbili, nenda kwa Mangi kaniletee kiberiti. Anamtuma hivyo kila jioni, na nje kwa Mangi ndo wanakaa washkaji wake wa zamani wanacheza drafti, akienda harudi mpaka usiku. Mimi nikaingia jikoni nikafungua kabati.

Viberiti kumi na tisa, na jiko letu la gesi linawaka lenyewe.