Maswali ya Wasomaji: Kuogelea katika Makorongo ya Karijini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma Perth, Australia. Mwezi wa Julai mimi na wenzangu tutasafiri kwa gari kwenda Broome, na tungependa kutumia siku moja katika Hifadhi ya Taifa ya Karijini, tutembee na kuogelea. Mmoja wetu haogelei vizuri. Nami, kwa kuwa nimekulia kando ya Ziwa Victoria, siingii maji ya bara kabla ya kuuliza habari za mamba na kichocho. Twende korongo lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu zako ni za mtu aliyefunzwa vyema na wazazi wake, ila Karijini hazina kazi. Mamba wa jimbo la Australia Magharibi makao yao ni Kimberley, kaskazini zaidi, kwa hiyo tahadhari hiyo ihifadhini mpaka mtakapofika Broome. Kichocho cha binadamu nacho hakienei Australia. Vinavyodhuru watu Karijini ni baridi na mvua.

Makorongo hayo yamechongwa na maji katika miamba yenye chuma, ambayo matabaka yake yalianza kutuama chini ya bahari yapata miaka bilioni 2.5 iliyopita, na kuta zake husimama wima na kukaribiana kiasi kwamba baadhi ya vidimbwi havipati jua ila kwa muda mfupi tu. Mwezi wa Julai ni kipupwe huko, na hata mchana ukiwa wa kupendeza, maji hubaki baridi sana. Anayekaa majini mpaka akaanza kutetemeka hugundua kwamba vidole havimtii tena, na vidole hivyo ndivyo alivyotegemea kushikia mwamba wakati wa kupanda kurudi juu. Ogeleeni adhuhuri, tokeni mapema, na bebeni nguo kavu kwenye mfuko usiopenya maji.

Kuhusu mvua, msidanganywe na anga jeupe lililo juu yenu, kwa sababu mafuriko huweza kutokana na wingu lililonyesha mbali. Mwaka 2004 mwokoaji wa kujitolea alifariki katika korongo la Hancock, maji yalipofurika ghafla wakati wa kazi ya uokoaji. Kidimbwi cha Regan's Pool kinaitwa kwa jina lake. Utabiri ukitaja mvua, bakini juu.

Kwa siku moja ningechagua korongo la Dales asubuhi. Mtashuka kwa ngazi hadi maporomoko ya Fortescue, ambayo hutiririka mwaka mzima, kisha mtatembea mwendo mfupi hadi Fern Pool, kidimbwi chenye kivuli na majani mengi. Mahali hapo ni pa heshima kwa wenyeji wa asili wa eneo hilo, Wabanyjima, Wayinhawangka na Wakurrama. Ingieni kwa utulivu, bila kurukia maji wala kupiga kelele. Alasiri nendeni korongo la Weano, ambalo liko upande mwingine wa hifadhi. Mwenzenu atafurahia sehemu ya juu ya korongo, lakini asiteremke Handrail Pool, ambako watu hushuka wakishikilia chuma kilichofungwa mwambani. Hancock iacheni kabisa, maana njia yake hupita majini na juu ya kingo nyembamba zinazoteleza. Najua picha zake ndizo zinazovutia zaidi.

Jazeni mafuta katika mji wa Tom Price, kwa kuwa hifadhini hakuna kituo, na kila mmoja abebe angalau lita 3 za maji ya kunywa. Simu haishiki makorongoni, hivyo mwambieni mtu saa mnayotarajia kurudi.

Mkiwa njiani msishawishike kupita Wittenoom, mji uliohamwa ulio jirani na hifadhi. Mgodi wake wa asbesto ya buluu ulifungwa mwaka 1966, lakini mabaki yake bado yametapakaa, na vumbi lake likivutwa huweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye.