Umefunga Turbo kwenye Gari la Spoti? Liendeshe Hivi

Watu wakijua gari langu limefungwa turbo ambayo halikutoka nayo kiwandani, swali la kwanza huwa linakimbia kiasi gani. La pili: halitakufa? Hilo la pili ndilo la maana. Kwa uzoefu wangu, mbio zenyewe ni nadra kuua gari la namna hii. Huuawa na mambo ya kimya kimya: kukanyagwa likiwa bado baridi, kuzimwa lingali na moto, kulazimishwa gia kubwa injini ikiwa haina mzunguko, na klipu moja ya mpira iliyolegea.

Langu ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, injini ya lita 1.6. Uwiano wake wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni hubana hewa ndani ya silinda, ni 9.4 kwa 1, kwa hiyo inavumilia turbo ndogo yenye presha (msukumo wa hewa ya turbo) ya wastani. Si kila injini ina uvumilivu huo. Toyota GT86 ilitoka na 12.5 kwa 1, na hapo hata presha kidogo inadai petroli nzuri na mtu anayeijua vizuri kompyuta ya injini. Ndiyo maana ushauri wa mwenye gari tofauti na lako usiumeze mzima mzima. Na kabla hujanunua chochote, pima kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, pesa ya turbo ipeleke kwenye injini kwanza.

Moshi wa ekzosi huzungusha feni ya upande mmoja, na mhimili uleule huzungusha feni ya upande wa pili inayosukuma hewa ndani ya injini. Mhimili huo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwenye turbo nyingi haukalii beringi za gololi, bali unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo ndiyo inayolainisha na ndiyo inayobeba joto. Ukilishika hilo, mengi yaliyobaki yanajieleza.

Asubuhi, usidanganywe na geji ya maji. Maji huwahi kupata moto, oili huchelewa. Mshale ukishatulia katikati, endelea kwenda taratibu kwa kilomita kadhaa kabla ya kuita presha. Mimi nimeweka geji ya joto la oili, na ikiwa chini ya nyuzi 80 mguu wangu hauna haraka. Geji hii ina faida kuliko ile ya presha inayopendwa na kila mtu kwa sababu inapendeza kwenye picha.

Jioni ni kinyume chake. Ukizima injini ghafla baada ya kulikimbiza, oili inasimama ndani ya turbo yenye moto mkali, inaungua na kuacha masizi magumu yanayoziba njia zake. Dawa si kukaa umeegesha ukisubiri muda mrefu. Endesha kwa upole dakika chache za mwisho za safari, na ukifika turbo itakuwa imeshapoa vya kutosha. Kama umetoka kulikamua na huna nafasi hiyo, liache lingurume sailensa, bila kukanyaga mafuta, dakika moja au mbili. Turbo zinazopozwa pia kwa maji zina unafuu, kwa sababu maji huendelea kuzunguka yenyewe kwa muda hata injini ikizimwa. Vile vifaa vya kuacha injini ikiunguruma baada ya kutoa funguo sivipendi. Vinamfundisha dereva uzembe.

Sasa kwenye gia. Wengi wanaogopa mizunguko 6,000, kumbe hatari kubwa iko kwenye 2,000: gia ya tano, mlima mbele, mguu chini kabisa. Presha inajaa huku pistoni zinakwenda polepole, joto na msukumo vinakaa muda mrefu juu yake, na kinachopinda ni koneti, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Teremsha gia kwanza, injini ikamate mzunguko, ndipo ukanyage.

Hapo ndipo pia mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka wenyewe bila kufuata mpangilio wa cheche ya plagi. Sauti yake ni kama changarawe kwenye kopo, ila kwa gari lenye ekzosi ya kelele unaweza usiisikie mpaka pistoni imetoboka. Kwa hiyo usitegemee masikio peke yake. Funga geji inayosoma uwiano wa hewa na petroli. Ukienda kwa utulivu inacheza karibu na 14.7, yaani sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli; presha ikipanda, inatakiwa ishuke hadi kwenye 11.5 au 12. Ukiiona inasogea 13 na kupita huku presha imejaa, toa mguu pale pale. Mara nyingi pampu ya petroli imechoka, au filta imeziba, au nozeli zinazopuliza petroli zimefika mwisho wa uwezo. Na kama kompyuta ilipangwa kwa petroli ya okteni 98 (okteni ikiwa kubwa, petroli hailipuki ovyo), ukikosa ujaze ya chini, endesha bila presha mpaka tangi liishe. Plagi ziwe za daraja moja baridi zaidi kuliko za kiwandani, yaani zinazotoa joto haraka zaidi, na mwanya wa cheche upunguzwe. Kwenye langu milimita 0.7 imetulia vizuri.

Mipira ya hewa ndiyo itakayokusumbua zaidi. Siku moja napanda mlima, nikasikia mlio kama wa pumzi kubwa, nguvu ikakata, moshi mweusi ukafumuka nyuma. Nilipopunguza mwendo injini ikazima. Kufungua boneti, mpira unaotoka kwenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo, umechomoka mzima mzima. Aliyeifunga ile bomba alikuwa ameikata mwisho wake laini, haina ukingo wa kuzuia mpira usiteleze, kisha akategemea klipu ya kawaida. Kilichozima injini kilikuwa hesabu: mita ya hewa ilishapima hewa, kompyuta ikatoa petroli ya kulingana nayo, kumbe hewa yenyewe inamwagika nje. Nilirudisha mpira na kukaza kwa bisibisi, nikaenda nyumbani bila kuita presha. Baadaye bomba ilichomelewa ukingo na klipu zikabadilishwa za bolti. Ukishuku panavuja kidogo, jaza hewa kwenye mfumo injini ikiwa imezimwa na upake maji ya sabuni kwenye maungio, mapovu yatakuonyesha.

Turbo yenyewe unaweza kuikagua kwa vidole. Injini ikiwa baridi, toa mpira wa kuingizia hewa, shika nati iliyo katikati ya feni. Ikicheza kidogo kulia na kushoto ni kawaida. Ikicheza kwa kuingia na kutoka, au mapanga yakigusa ukuta, imekwisha. Oili ikiwa imepaka kidogo tu usihangaike. Ikiwa imetuama, au ekzosi inatoa moshi wa bluu, usikimbilie kununua turbo mpya kabla hujakagua bomba la kurudishia oili. Linatakiwa liwe nene, lishuke moja kwa moja bila kupinda, na liingie juu ya usawa wa oili kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Oili hurudi kwa uzito wake tu. Ikikwama inatafuta njia nyingine kupitia sili. Turbo nzima kabisa hutupwa kwa kosa la bomba hilo.

Bolti za manifoldi ya ekzosi, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, zikaguliwe mara kwa mara, kwa sababu joto huzilegeza. Tairi na breki zilipaswa kutangulia turbo, na sitaki hata kubishana juu ya hilo: gari la kusukuma kwa nyuma likipokea presha katikati ya kona yenye maji, mkia hauombi ruhusa. Kampuni ya bima nayo iambie umebadilisha injini.

Oili iwe sintetiki, na mimi sivuki kilomita 5,000 bila kuibadilisha. Filta ya zamani usiitupe hivi hivi. Ikate, kunjua karatasi yake juani na uitazame. Weusi ni kawaida. Ukiona chembe zinazong'aa rangi ya shaba, usiliwashe tena mpaka beringi zimefunguliwa.