Saa ipi kwa barabara ya Ihumwa?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Ihumwa, Dodoma. Najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza, ile ya Moshi. Jumamosi nakimbia kuelekea mjini na kurudi, Jumatano nafanya mbio za kasi kwenye uwanja wa shule. Mpaka sasa nakimbia na simu mkononi. Shemeji yangu wa Dar es Salaam anaweza kuniletea saa ya kukimbilia: Garmin Forerunner 55, Forerunner 165 au Coros Pace 3. Mwenzangu wa mazoezi ananisukumia Pace 3 kwa sababu inasoma mawimbi ya setelaiti kwa masafa mawili. Je, niongeze hela? Halafu nusu marathoni niliyokimbia juzi, simu ilionyesha kilomita 21.4 badala ya 21.1. Waandaaji walituzidishia?
Mwalimu, Ihumwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la mwisho, maana wengi wananiuliza. Njia ya mbio ikipimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kupita, kona hadi kona. Juu yake huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Wewe hukupita mstari huo. Ulikwepa watu, ulivuka kufuata maji, kona ulizichukua kwa nje. Simu nayo hupiga nukta zake huku na huku, na ikiziunganisha umbali unakua. Mita 300 za ziada hazinishtui, na saa ya bei kubwa nayo itakuonyesha ziada. Siku ya Moshi, kila upitapo kibao cha kilomita, bonyeza mwenyewe kitufe cha mzunguko, kile kinachoanza kuhesabu muda wa kipande kipya.

Sasa masafa mawili. Setelaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu na mawimbi yake hufika yakiwa hafifu sana. Yakigonga ghorofa au jabali kabla ya kufika mkononi, huchelewa, na saa inadhani uko pengine. Masafa ya pili huisaidia kuyatambua yale yaliyogonga. Lakini wewe unakimbia Ihumwa! Anga wazi, vichaka na mibuyu. Kwa hapo usitoe hata shilingi kwa ajili ya masafa mawili.

Hata hivyo nakushauri uchukue Pace 3, kwa sababu ambazo mwenzako hakuzitaja.

Ya kwanza ni kioo. Pace 3 na Forerunner 55 zina kioo kinachotumia mwanga wa jua lenyewe: jua likiwaka, tarakimu zinazidi kuonekana. Forerunner 165 ina kioo cha AMOLED, kinapendeza, na juani kinasomeka, ila kinajiwashia mwanga wake na chaji inalipia. Ukirudi saa nne asubuhi jua la Dodoma likiwa kali, utaelewa kwa nini nakipenda kile cha kwanza.

Ya pili ni mlima. Marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka, na mpandaji anahitaji kujua amepanda kiasi gani. Forerunner 55 haina kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambacho ndicho huonyesha umepanda kiasi gani. Hizo nyingine mbili zinacho. Betri nayo: Garmin wanaitaja 55 kwa saa 20 za GPS na 165 kwa saa 19, Coros wanaitaja Pace 3 kwa saa 38. Zote zinakutosha siku ya mbio. Zilipotoka, 55 ilikuwa dola 199.99, Pace 3 dola 229, na 165 dola 249.99. Masafa mawili yazime, yanakula chaji bure.

Lakini kabla ya kumtumia shemeji hela, fikiria Jumamosi yako. Ukienda mjini, upepo wa mashariki unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakupiga usoni, umechoka, na joto limepanda. Ukilazimisha dakika zilezile kwa kila kilomita, unajimaliza. Hapo kinachokuongoza ni mapigo ya moyo, na joto huyapandisha hata kama hujaongeza mwendo. Saa huyasoma kwa mwanga wa kijani mkononi. Kwa mbio ndefu za taratibu inatosha. Jumatano, unapokimbia kwa kasi na kupumzika, kipimo cha mkononi huchelewa: unamaliza mita 400 ndipo namba inapanda. Mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo, hauna tatizo hilo.

Kwa hiyo, mwalimu, hela isipotosha Pace 3 na mkanda, chukua 55 na mkanda. Nasema hivyo bila kusita. Tafuta mkanda wenye Bluetooth na ANT+ kwa pamoja, yaani njia mbili za kupeleka mapigo kwenye saa bila waya, ili hata ukibadili saa baadaye bado ukufae. Uloweshe kwa maji kabla ya kuuvaa, kwa sababu asubuhi zetu ni kavu na ngozi isiyo na jasho haipitishi umeme vizuri.

Na ukitoka nyumbani simama tuli mpaka saa ikwambie imepata setelaiti. Saa yangu ya kwanza nilikuwa naibonyeza huku nakimbia, na kwa miezi kadhaa kilomita ya kwanza ilichorwa ikipita ndani ya nyumba za majirani. Niliamini nimekuwa mwepesi.

Ukishapata mkanda, kimbia Jumamosi mbili, kisha niandikie mapigo ya kwenda na ya kurudi. Kwa hayo nitakupangia kasi ya Moshi.